Mpiga Shabaha Hazaliwi

Juzi barazani, baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja aliyewahi kubeba bunduki ya serikali, na ambaye umri wake na utumishi wake vyastahiki heshima yangu yote, alitamka kwa yakini kwamba mpiga shabaha huzaliwa, hafunzwi, na kwamba asiyejaaliwa jicho na mkono, hata afyatue risasi mpaka mtutu uchakae, hapati kitu. Na waliokuwapo, vijana kwa wazee, wakaitikia kana kwamba wamesomewa aya. Nilimwambia, "Mzee wangu, hapo umetupotosha," naye akacheka. Mimi sikucheka, maana dhana hiyo ni batili, na madhara yake ni makubwa.

Na tuwatazame Waingereza. Desemba 1899 majeshi yao yalipigwa Magersfontein na Colenso, huko Afrika Kusini, na wakulima wa Kikaburu, wakafedheheka mbele ya dunia. Vita vilipokwisha wakashika mafunzo kwa bidii, hata ilipofika 1914 askari wao wa miguu, aghalabu kijana wa mitaa ya viwanda asiyewahi kugusa bunduki kabla ya kuandikishwa, alikuwa akijaribiwa kwa kupiga risasi 15 katika dakika moja kwenye shabaha iliyo umbali wa yadi 300. Je, katika miaka hiyo 15 taifa zima lilijaaliwa macho mapya? Macho yalikuwa yale yale. Kilichozidi ni taalimu.

Yuko na Károly Takács, askari wa Hungaria, bingwa wa bastola, ambaye mwaka 1938 guruneti lilimlipukia mkononi likamharibu mkono wa kulia, ule ule ambao watu wangeapa kwamba ndimo kipawa chake kilimokaa. Akajifunza kwa siri kupiga kwa mkono wa kushoto, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa nchi yake. Kisha akatwaa dhahabu ya Olimpiki London 1948, na tena Helsinki 1952. Basi kipawa kilihama mkono? Nataka nijibiwe swali hilo, na mpaka leo sijajibiwa.

Wanaoamini kipawa hujibu, badala yake, kwamba mtoto wa mwindaji hulenga vyema bila kufunzwa na mtu. Hoja dhaifu kama hii haistahili kusemwa na mtu mzima! Mtoto huyo amekua akimwona babake akitulia, akizuia pumzi, akingoja. Amefunzwa tangu hajaota meno ya pili, kama mwana wa nahodha anavyozijua pepo kabla ya kujua kusoma, na nyinyi mwaiita damu.

Ukweli ni kwamba kulenga ni hesabu. Ikiwa alama mbili za kulengea zimeachana nusu mita juu ya mtutu, ukikosea kuzioanisha kwa milimita 1 tu, risasi itapotoka kwa sentimita 60 katika umbali wa mita 300. Ndiyo maana mwalimu mwenye maarifa humhimiza mwanafunzi akaze kitako begani mahali pamoja kila mara, alaze shavu pale pale, aione wazi alama ya mbele ya kulengea hata shabaha yenyewe ikififia, atoe pumzi kiasi kisha atulie, na avute kifyatuo polepole hata mlio umjie bila kuutazamia. Mengi ya hayo hufanyika kwa bunduki tupu, iliyokaguliwa mara mbili, pasipo kupoteza hata risasi moja.

Walakini katika viwanja vyetu watu humsifu yule ambaye risasi yake moja imeangukia katikati na nne zimetawanyika, wakamcheka yule ambaye tano zake zimekaa pamoja chini kushoto. Huyu wa pili ndiye mpiga shabaha! Mkono wake umekwisha kutulia. Yamebaki marekebisho madogo ya alama za kulengea, kazi ya dakika chache.

Ugonjwa huu wa kuamini kipawa cha kuzaliwa umo hata madarasani, ambako mwalimu humtazama mtoto wa miaka saba akasema hana kichwa cha hesabu, na wazazi wakakubali kwa unyenyekevu, wakidhani ni kadari ya Mungu, ilhali ni uvivu wa mwalimu.

Kwa hiyo nawaomba wakufunzi wanaowagawa makuruta siku ya kwanza, huyu ana jicho, huyu hana, wazifute orodha hizo, na kabla ya kumkatia tamaa kijana yeyote wamkague kwanza bega, shavu, pumzi na kidole.