SEHEMU YA 6: Kinga ya mwanao inahitaji na breki

Wiki hii meseji nyingi zimeuliza kitu kimoja: "Nesi, dawa gani nzuri ya kumwongezea mtoto kinga?" Jibu langu ni fupi: usinunue. Sasa kaa nikueleze kwa nini, maana sio ubishi tu.

Wengi wenu mnaijua CD4, ile inayopimwa kliniki kwa wanaoishi na VVU. CD4 ni protini iliyopo juu ya seli fulani za kinga zinazoitwa seli T. Herufi T imetokana na thimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ambako seli hizi hukomaa. Nyingine kazi yake ni kuua seli zilizoshambuliwa na virusi, nyingine zinaita wenzake waje kusaidia.

Ila kuna kundi ambalo halitajwi kwenye matangazo ya dawa: seli T za kutuliza. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kwamba zipo na kazi yake ni kuzizuia seli nyingine zisiushambulie mwili wenyewe. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakaeleza jini inayotengeneza protini iitwayo FOXP3. Bila FOXP3 seli hizo za kutuliza haziwezi kufanya kazi yake. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Wapo watoto wachache sana, karibu wote wa kiume, wanaozaliwa na jini hiyo ikiwa na hitilafu. Wanaharisha mno, ngozi inaharibika, na wengine wanapata kisukari wakiwa bado wachanga. Na watoto hawa hawana upungufu wa askari, jamani. Askari wapo, aliyekosekana ni wa kuwaambia "basi, imetosha".

Seli T zina breki nyingine pia, protini zilizo juu yake zenye majina kama CTLA-4 na PD-1. Siku hizi zipo dawa za saratani zinazoachia breki hizo makusudi ili kinga ipambane na uvimbe. Zinasaidia wengi, lakini baadhi ya wagonjwa kinga inawageukia: utumbo unavimba, tezi ya shingo inaharibika. Hizo zinatolewa hospitali, chini ya macho ya daktari. Sasa wewe unaambiwa "kinga iongezwe" na mtu mwenye chupa kwenye begi, hata hakuulizi mtoto ana uzito gani!

Wengine mtauliza, "Si nimpe mayai na maharage apate hizo protini?" Mpe, anahitaji chakula bora ili akue. Ila FOXP3 haiko kwenye yai. Mwili unavunjavunja protini ya chakula, kisha unajitengenezea zake kwa maelekezo ya jini.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Usiku mmoja nikiwa zamu alikuja mama na mtoto wa miaka 6. Mtoto anahema kwa nguvu, macho yameingia ndani. Wiki mbili nzima alikuwa anakunywa maji hovyo, anakonda, na amerudia kukojoa kitandani. Mama akauziwa dawa ya maji ya kuongeza kinga, akaambiwa mtoto "amepungukiwa nguvu". Tulipopima sukari, ilikuwa juu sana. Kisukari aina ya kwanza, ule ugonjwa ambao seli T zenyewe zinaharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini.

Ile chupa haikumletea kisukari, nisiisingizie. Wala sio pipi. Na mama yule hana kosa, alifanya alichoambiwa. Lakini chupa ilimlia wiki mbili, na zilibaki saa chache tumpoteze. Alipona, sasa anachoma insulini kila siku na shule anaenda.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kinga ya mtoto ni ya kufundishwa na kulishwa, sio ya kuchochewa. Chanjo ndiyo inayoifundisha. Maziwa yako peke yake miezi 6 ya mwanzo, kisha chakula mchanganyiko huku ukiendelea kunyonyesha. Chandarua, maji safi, usingizi. Matone ya vitamini A ya kliniki na zinki anayopewa akiharisha sijayakataza, yana dozi na sababu yake. Ninachokataa ni chupa ya "kinga" isiyosema inatibu nini.

Na ukimwona mtoto anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana, anakonda na kuchoka, usisubiri wala usimpe chochote cha kuongeza nguvu. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, useme: "Naomba apimwe sukari." Ni tone moja la damu kidoleni.

Elfu ishirini ya chupa, mama, iweke iwe nauli ya hospitali.

Sehemu ya 7 nitaeleza kwa nini mtoto anapata homa baada ya chanjo. Ukiwa na swali andika hapo chini, na mtumie mwenzako mwenye mtoto mdogo asome.