Mtoto Asinyimwe Lugha ya Bibi Yake

Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, kaunti ya Laikipia nchini Kenya, zamani waliishi mapangoni, wakiwinda na kurina asali. Mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafugaji wanaosema Kimaasai walizidi kuwazunguka, na posa zikaanza kuja na ng'ombe. Baba aliyekwisha kuletewa ng'ombe kwa binti mmoja hakutaka tena mizinga kwa binti wa pili, na kijana wa Kiyaaku aliyekuwa na mizinga tu akakosa pa kuoa. Juu ya hayo, mtu asiye na mifugo aliitwa Dorobo, na jina hilo halikutajwa kwa heshima.

Mwanaisimu Matthias Brenzinger ameandika kwamba katika miaka ya 1930 Wayaaku walifanya kikao, wakakubaliana kuiacha lugha yao na kuwalea watoto kwa Kimaasai. Hawakushikiwa bunduki. Mwanaisimu mwingine, Bernd Heine, alipochapisha maelezo yake ya Kiyaaku katika miaka ya 1970, waliokijua walikuwa wazee. Yaliyosalia midomoni mwa wajukuu ni maneno machache, mengi yakiwa ya nyuki na uwindaji, kwa kuwa Kimaasai hakikuwa na ya kutosha kwa kazi hizo.

Mimi siwezi kuwalaumu wazee wale. Walikuwa wazazi, na walitaka wanao waoe, waolewe, wasidharauliwe. Hesabu waliyoipiga ndiyo tunayoipiga sisi leo Nairobi, Mwanza na Dar es Salaam tunapoamua kwamba mtoto aongee Kiswahili na Kiingereza tu, asije akachekwa kwa lafudhi. Ng'ombe wa zama hizi ni lugha hizo mbili. Na sisi tunaokipenda Kiswahili tukubali ukweli huu mchungu: lugha yetu tamu inazibana lugha nyingi ndogo, na inazibana kwa mikono yetu wenyewe.

Nisikuchoshe na methali ya mwacha mila, unaijua. Tazama badala yake Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania. Wasemaji wa lugha yao wanakadiriwa kuwa kama 1,000 tu, na haijathibitika kuwa ina undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Hata hivyo haijafa, kwa sababu watoto bado wanaiongea. Kwa hiyo asikutulize mtu kwa kukwambia kabila lenu ni kubwa, lina mamia ya maelfu. Uliza watoto wa miaka mitano wanagombana kwa lugha gani.

Wamaori wa New Zealand waliliona hilo mapema. Mwaka 1982 walifungua kituo cha kwanza cha kohanga reo, ambako wazee waliojua Kimaori waliwalea watoto wadogo kwa lugha hiyo siku nzima. Sheria ya kukifanya Kimaori lugha rasmi ilikuja baadaye, mwaka 1987. Bibi na wajukuu walitangulia, Bunge likafuata. Nasi Kenya tunayo Katiba ya mwaka 2010, ambayo ibara yake ya 7 inaitaka serikali ikuze matumizi ya lugha za wenyeji. Ibara nzuri sana, lakini haiwezi kumbembeleza mtoto usiku.

Ndiyo maana ombi langu nakuletea wewe, ndugu msomaji. Kama unaijua lugha ya kwenu, mwongeleshe mwanao kwa lugha hiyo nyumbani, hata akikujibu kwa Kiswahili. Usimcheke akikosea. Usihofu kumchanganya: watoto wangapi wa Kwale na Kilifi wanaongea Kidigo au Kigiriama nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani? Kama hujui, mpeleke likizo kwa wanaojua, akae huko wiki kadhaa, si siku mbili za Krismasi.

Walimu wangu wapenzi, mnakumbuka kile kibao alichovishwa shingoni mtoto aliyekutwa akisema lugha ya mama? Shule ambayo bado ina adhabu ya namna hiyo iikomeshe muhula huu.

Na kama wasemaji waliobaki kwenu ni wazee tu, chukua simu yako urekodi. Usimwombe mzee orodha ya maneno. Mwombe asimulie alivyoposwa, mzinga unavyotundikwa, mgonjwa alivyotibiwa, matusi ya utani kati ya mashemeji. Taja mwanzoni jina lake kwa ridhaa yake, mahali na tarehe, kisha weka nakala kwa ndugu zaidi ya mmoja, maana simu huibwa.

Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama huadhimishwa kila tarehe 21 Februari, na hotuba hazitakosekana. Usiisubiri. Mpigie bibi jioni hii, na simu mpe mtoto.