Usimpe mtoto samaki tu, ingia naye majini

Wazazi wengi mmeusikia msemo huu wa Wachina, iwe kwenye mahubiri, semina au kikao cha kikoba: ukimpa mtu samaki atakula leo, ukimfundisha kuvua atakula siku zote. Watu hutikisa vichwa, wakapiga makofi, yakaishia hapo. Mimi ulinifika nikiwa na miaka 14, usiku, bwenini.

Nina pumu tangu utotoni. Nyumbani inhela yangu ilikaa kwenye mkoba wa mama. Kifua kikianza kubana, yeye ndiye aliyeitikisa, akaniwekea mdomoni, akabonyeza na kusema, "Vuta, mwanangu." Kazi yangu ilikuwa kufungua mdomo. Nilipokwenda kuanza kidato cha kwanza, alinifungia inhela mbili sandukuni. Samaki wawili, ndoano hakuna.

Wiki ya tatu kifua kilibana usiku wa manane. Nilibonyeza, ndipo nikavuta. Nikabonyeza tena. Dawa yote iliishia kwenye ulimi. Aliyeniokoa ni dada wa kidato cha tatu mwenye pumu kama mimi. Alinikalisha wima, akaniambia nisiogope, akawa ananihesabia huku mwenzetu akikimbia kumwita matroni.

Mama aliposikia alilia. Nilimwambia hakukosa kunipenda. Alichokosa ni kuniachia nijaribu yeye akiwa karibu.

Miaka mingi baadaye nilijifunza jambo dogo kuhusu msemo ule. Kwa Kichina, neno samaki na neno kuvua hutamkwa sawasawa: yú. Kwa sikio huwezi kuyatofautisha. Tofauti iko kwenye maandishi: alama ya kuvua ni ileile ya samaki, ila pembeni imeongezwa alama ya maji.

Hapo ndipo ninapowaomba wazazi tusimame. Kinachogeuza samaki kuwa uvuvi ni maji, na anayefundisha lazima alowe. Msemo wenyewe unasema kufundisha kuvua ni bora kuliko kutoa samaki. Hausemi mwenye njaa anyimwe. Mtoto wa miaka minane anayehema kwa shida haambiwi, "Si nilishakufundisha?" Huyo mpe dawa kwanza, na asipopata nafuu mkimbize hospitali. Somo ni la siku ambayo kifua kiko shwari.

Siku hiyo kaeni pamoja. Aitikise inhela, atoe pumzi nje, aibane kwa midomo, aanze kuvuta taratibu, na hapo hapo abonyeze mara moja huku akiendelea kuvuta. Kisha azuie pumzi huku wewe ukihesabu hadi kumi. Mtoto mdogo atahitaji kile chombo cha plastiki kinachounganishwa na inhela, kwa kuwa hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Mkienda kliniki, mwombe muuguzi amtazame mtoto akifanya mwenyewe, si wewe ukieleza.

Mwaka huu anashika wewe ukiongoza, mwakani anafanya wewe ukitazama. Kabla ya kwenda bweni, awe ameshafanya peke yake mara nyingi nawe ukiwa pembeni.

Kwenu huenda hakuna pumu. Basi ni kunawa mikono kwa sabuni bila kukumbushwa, kupika uji, au kusema "naumwa hapa" mbele ya daktari bila mama kumjibia. Ndiyo, atamwaga maji na uji utakuwa na madonge. Kumfanyia ni haraka zaidi, na ndiyo sababu wengi wetu tunawafanyia mpaka siku ya kupanda basi la shule.

Wachina wana msemo mwingine wa samaki, ulioandikwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita katika kitabu Huainanzi: kuliko kusimama mtoni ukitamani samaki, heri urudi nyumbani ukasuke wavu. Tunapotamani watoto wa jirani wanaojitegemea, tukumbuke kwamba nao kuna mtu aliyekaa nao chini, jioni baada ya jioni, akiwashika mikono fundo kwa fundo.

Leo inhela yangu iko kwenye mkoba wangu. Mama bado huniuliza kila nikisafiri, "Umeibeba?" Nami humjibu, "Ndiyo, mama."

Tukutane wiki ijayo.