Mkono wa Askari Penye Winchi

Yapo majeraha ambayo askari huyahesabu kuwa sehemu ya kazi yake, na yapo mengine ambayo hana sababu yoyote ya kuyapata. Kidole kilichopondwa kati ya mnyororo na mzigo ni katika hayo ya pili. Hakuna adui aliyekiponda. Kimepondwa mchana, mbele ya wenzake na mbele ya mkubwa wake.

Tunayasema haya tukiwa Kigali, mji wa vilima, ambako kazi ya kunyanyua vitu vizito haikosekani. Makontena yatokayo Dar es Salaam na Mombasa hushushwa Masaka, majengo yanapanda, polisi huitwa penye lori lililopinduka, na wahandisi wa jeshi hupakia mitambo. Na kilima kina tabia yake. Winchi ikisimama mahali palipoinama, mzigo unapoachana na ardhi hukimbilia upande wa chini, na mara nyingi huko ndiko alikosimama kijana aliyenyoosha mikono ili autulize. Mvua za Machi hadi Mei zikishalainisha udongo, mguu mmoja wa winchi ukididimia kidogo tu, mzigo huenda asikokusudia dereva.

Mkono huponzwa na bidii. Kamba inapoanza kukazwa, askari huishika isiteleze. Nafasi iliyopo kati yake na mzigo hujifunga ghafla. Mzigo unapokaribia kutua, huingiza mkono chini yake kusogeza gogo. Wengi pia hudhani kwamba kamba mbili hugawana uzito nusu kwa nusu. Ni kweli zikiwa wima. Zikitanuka hata kila moja ikafanya pembe ya nyuzi 30 na mlalo, mzigo wa kilo 1,000 huivuta kila kamba kwa nguvu ya kilo 1,000 kamili. Iliyochakaa hukatikia hapo. Glavu nazo huzuia nyuzi za waya zisichome kiganja. Hazizuii tani moja. Na pete ivuliwe, hata ya ndoa.

Jeshi si mgeni wa mambo haya. Paneli moja ya daraja la Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ina uzito wa kilo 260 hivi, nayo ilikusudiwa kubebwa na watu sita kwa fimbo za kubebea. Matundu ya paneli mbili hulinganishwa kwa chuma. Anayeingiza kidole kupima kama yamekutana atajibiwa na paneli yenyewe.

Lakini neno letu kubwa ni kwa makamanda. Penye winchi mtoa ishara ni mmoja, na dereva humtii huyo peke yake. Hilo askari hulielewa upesi, kwa kuwa ndiyo desturi ya amri. Gumu ni hili: ishara ya kusimamisha kazi yaweza kutolewa na mtu yeyote, na dereva huitii bila kuuliza cheo. Hapa ndipo tunapojikwaa. Kuruta auona mkono wa sajini umeingia chini ya mnyororo, naye hunyamaza kwa adabu. Adabu ya namna hiyo hatuiiti nidhamu. Kanuni ya kutoweka kidole kwenye kifyatulio kabla ya wakati humbana jenerali kama inavyombana kuruta. Kwa nini mnyororo uwe na heshima nyingine? “Simama, afande!” si utovu wa adabu.

Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018, inamtaka mwajiri kulinda afya na usalama kazini, na mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi. Askari ana sheria zake, lakini mifupa 27 ya mkono wake ni ile ile ya raia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi askari na polisi hutoka pamoja na wananchi katika umuganda. Ikiwa siku hiyo pana winchi, kiongozi wa kikosi awasogeze watu kabla mnyororo haujakazwa, afunge kamba ndefu ya kuuongozea mzigo kwa mbali, amtaje mtoa ishara kwa sauti, kisha awaambie wote, wakiwamo wenye majembe, kwamba kila mmoja wao ana ruhusa ya kupiga kelele ya kusimamisha. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.