Makaburi si kichaka



Siku ya salongo iliyopita tulitumwa kufyeka majani kwenye makaburi nyuma ya kanisa. Rafiki mmoja akasema: «Wafu hawana shida tena, twende tukacheze mupira.» Tulicheka wote, hata mimi kapita wenu. Leo ninataka kumujibu, sababu siku ile nilinyamaza.

Kule Uingereza kuna mji wa viwanda, Birmingham. Mwaka 2001, wakati wa kutengeneza upya kiwanja cha kanisa la Mtakatifu Martin, wenye elimu ya mambo ya kale walichimba makaburi pole pole. Walipata watu 857, wengi wao wa miaka ya 1700 na 1800. Wenye mali walilala ndani ya vyumba vya matofali, na majina ya wengine yalisomeka. Lakini walio wengi walizikwa katika udongo tu.

Basi, hawa wasio na jina walisema nini? Mifupa ya watoto wadogo ilionyesha ugonjwa wa matege: mifupa laini yenye kupindika, sababu ya kukosa jua na chakula kizuri. Moshi ulifunika mji, nyumba zilisongamana. Mambo ambayo hakuna mtu aliyeyaandika, udongo uliyatunza. Sisi watoto wa Katanga, tunaojua moshi wa viwanda vya shaba, neno hili linatugusa.

Wengine watasema: kuchimba wafu ni kuwazarau. Nakubali, kama ni kwa kutafuta mali. Lakini pale mashini itakapopita, ni heri mikono yenye heshima itangulie, na kisha wazikwe tena kwa maombi.

Kwetu hakuna haja ya kuchimba. Kazi yetu ni ndogo: misalaba ya mbao inaoza, mvua inafuta majina. Naomba, salongo ijayo, kila darasa lichukue mstari mmoja wa makaburi, liandike katika daftari majina yanayosomeka. Pahali ambapo hayasomeki, tuwaulize wazee wa kanisa wangali hai. Mzee akienda, jina nalo linaenda.

Mupira tutacheza kisha. Daftari nitaleta mimi. Nani atakuja?

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita