Biro zenu zishuke mu komini zetu

Vijana wenzetu wa Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, Kampemba na Annexe,

Kampuni za Lubumbashi zinalia kila siku kwamba maisha imekuwa bei, hakuna feza ya kuongeza wafanyakazi. Lakini feza ya kulipia villa mu quartier Golf iko. Feza ya biro kubwa katikati ya mji, yenye vyumba ambavyo hakuna mtu anaingia, iko. Inalipwa kwa dolari, kila mwezi, kwa wenye nyumba wachache. Mashirika yanayosema yamekuja kusaidia vijana yanafanya vilevile. Sisi tunauliza: ya nini?

Tukumbuke vile mji huu ulijengwa. Tangu 1910 mbeleji aliweka biro na nyumba za wazungu upande mmoja, wafanyakazi weusi upande mwingine, na katikati akaacha eneo tupu ili batu wasichangamane. Kamalondo, Kenya na Katuba zilizaliwa hivyo: mahali pa kulala mikono ya kazi. Mbeleji alienda. Ramani yake ikabaki. Mpaka leo kazi iko mjini, usingizi uko mu komini, na kijana mwenye diploma anatoa franga za taksi kila siku ili kupeleka dosie kwenye mlango ambao haufunguki.

Wengine watasema sheria inadai biro kubwa. Hapana. Congo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria yake inadai makao ya kampuni yawe na anwani inayoonekana, si boîte postale peke yake. Haidai villa. Haidai marumaru. Haidai bustani. Meza ndani ya biro ya pamoja, barabara inayojulikana, nafasi ya kufuli: inatosha kwa kampuni nyingi zenye watu watano ao kumi.

Na biro ya pamoja inafanya kazi namna gani? Ni salle moja, meza, intaneti, jenereta ao sola, chumba kidogo cha mikutano. Kila mtu analipa kwa siku, kwa juma ao kwa mwezi. Shida ni moja: mwenye salle hawezi kusimama kwa feza ya sisi bashomeri peke yetu. Lakini kampuni ikishika meza kumi kwa mwaka mzima, mafuta na intaneti zimelipwa. Njo pale meza zinazobaki zinaweza kushuka bei, na kijana anayetaka kufungua kampuni yake anapata anwani bila kutafuta garanti ya miezi mingi.

Tunajua majibu yao. «Kura inakatika mu komini.» Inakatika na mjini, ndiyo maana kila villa iko na jenereta yake. Biro kumi, jenereta kumi. Salle moja, jenereta moja. «Usalama hauko.» Lakini mhasibu wenu, dereva wenu, katibu wenu, wanalala wapi? Kama Katuba ni salama kwao usiku, ni salama kwenu saa nne ya asubuhi. «Tuko na siri za wateja.» Chumba chenye mlango na kufuli hakikosekani.

Lakini sisi si watoto. Kampuni ikitoka mu villa, isitumie hiyo njia kwa kumfukuza sentineli na mama wa usafi, ao kumwambia kijana: kaa hapo kwenye meza, utafanya kazi bila kontra. Na tena, sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inaachia kazi za sous-traitance kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongomani. Bakubwa wengine wanaizunguka kwa kukopa jina la Mkongomani na kulificha ndani ya makaratasi. Hatutaki biro ya pamoja igeuke sanduku la majina ya kukopa. Mwenye kupata soko aonekane, wafanyakazi wake waonekane, kazi ionekane.

Njo maana tunadai:

Kampuni na mashirika: mkataba wenu wa villa ukiisha, musiurudishe. Tafuteni meza mu komini, na feza inayobaki ilipe mishahara ya vijana wenye kontra.

Leta: kila mkubwa wa komini atangaze nyumba za leta zilizo tupu, na azifungue kwa vijana wanaotaka kuanzisha salle, bila kuomba kitu chini ya meza.

Vijana: tusingoje. Tujipange komini kwa komini, tuhesabu salle zilizoko, twende kwa pamoja, na amani, kuuliza kila kampuni inalipa kodi kwa nani.

Shaba inatoka mu udongo wetu na inaenda mbali. Kodi ya biro, angalau hiyo, ilale mu mitaa yetu.