Nani Ashike Mapigo ya Wimbo?

Imezuka miongoni mwa vijana wetu desturi ya kurekodi nyimbo majumbani. Desturi hii si mbaya, wala hatuandiki ili kuilaani. Kijana mwenye gitaa moja, kompyuta au hata simu tu, na maikrofoni ya bei nafuu, leo aweza kuifanya chumbani mwake kazi ambayo zamani ilimlazimu mwanamuziki angojee zamu yake katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, au afunge safari hadi Nairobi ndipo aisikie sauti yake katika santuri. Tunalolipinga ni jambo jingine. Ni ile imani inayoenea kwa kasi, kwamba kijana huyo hana haja ya kujifunza kushika mapigo ya wimbo wake, maadamu mashine itamshikia.

Mwendo wenyewe ni huu. Kijana hupiga gitaa kwa kukimbia hapa na kujikokota pale. Kisha huingiza sauti, nayo hufuata njia yake. Kazi ikiisha, huiagiza programu iyakate mapigo na kuyasogeza, moja moja, hadi yakae juu ya mistari iliyochorwa na mashine. Wenyewe huita kazi hiyo kunyoosha. Nasi twauliza: ni kitu gani kilichonyooshwa, na nani aliyethibitisha kwamba kilikuwa kimepinda?

Maana yako mapigo ya namna mbili yasiyokaa juu ya mstari. Liko pigo lililokosewa, na liko pigo lililowekwa kando kwa makusudi. Mwimbaji aijuaye kazi yake huweza kulichelewesha neno nyuma ya gitaa kwa kitambo kidogo mno, ili neno lipate uzito, kisha akakutana na gitaa mwisho wa mstari bila ya kugongana. Mashine haina sikio la kuyatenganisha haya mawili. Huyahukumu yote kuwa makosa, ikayasahihisha yote, na wimbo ukatoka umekauka kama samaki wa ng'onda.

Hasara haiishii kwenye gitaa; yafika hata kwenye lugha, na hapo ndipo sisi watunzi wa mashairi tunapoudhika zaidi. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, isipokuwa maneno machache. Chukua neno "barabara". Mkazo ukiwa katika silabi ya tatu, ni njia ipitayo magari. Ukiwa katika silabi ya pili, ni sawasawa, bila ya kasoro. Sasa mtunzi ameandika kwamba mambo yanakwenda barabara, na mwimbaji, kwa kuchelewa kuingia, ameliangusha pigo zito mahali pasipo pake. Msikilizaji atadhani anaimbiwa habari za lami. Programu italisogeza pigo hilo mbele au nyuma hadi mstari ulio karibu, lakini haitajua ni silabi ipi iliyostahili kulipokea, kwa sababu haijui Kiswahili.

Vivyo hivyo pumzi. Katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, Sheikh Amri Abedi aliwafafanulia wasomaji wake habari za vina na mizani. Wengi wetu tulifundishwa mizani kama hesabu ya kumridhisha mwalimu. Lakini mstari wa mizani kumi na sita hugawanyika vipande viwili vya nane nane, na pale katikati ndipo mwimbaji anapovuta pumzi. Asiyejua kituo hicho huishiwa na pumzi mbele ya safari, akaharakisha silabi mbili tatu ili amalize kabla hajakauka, au akapumua katikati ya neno na kuchelewa kuingia tena. Makosa mengi ya mapigo tunayoyasikia katika rekodi za nyumbani asili yake ni mapafu, si vidole. Hakuna mashine iwezayo kuyaponya, maana pumzi iliyovutwa mahali pabaya husikika hata baada ya kusogezwa.

Wako pia wapinzani wa upande wa pili, na hao wana hatari yao. Hao husema kwamba Mwafrika huzaliwa na mdundo damuni, kwa hiyo habari za kuhesabu na kufanya mazoezi ni mambo ya Wazungu. La hasha! Hiyo ni kasumba ile ile iliyogeuzwa nje ndani. Waliotutawala ndio waliopenda kusema kwamba muziki wetu watoka katika damu, ili wasikiri kwamba watoka katika akili na elimu. Nenda kwenye ngoma yoyote iliyo hai katika nchi hii. Mtoto hukabidhiwa kwanza kayamba au upatu, apige pigo moja lile lile, usiku kucha ikibidi, naye akiyumba hunyang'anywa. Mahali ambapo mmoja hupiga mara tatu na jirani yake mara mbili katika muda ule ule, hapana nafasi ya ubabaishaji hata kidogo. Wacheza hufunga njuga miguuni, na kila hatua yao husikika: aliyekosea amejitangaza mwenyewe.

Ushahidi wa gitaa na sauti tunao pia, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, nchini Kongo. Mtu mmoja na gitaa moja, akipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, akiimba Kiswahili cha Katanga. Hapakuwa na mlio wa kliki masikioni mwake, wala njia ya kuyakata mapigo baadaye. Dole gumba lilikuwa likishika mwendo chini, kidole cha shahada kikitembeza wimbo juu, na sauti ikipita kati yao bila ya kumsukuma yeyote. Wataalamu walikuja kuandika makala ndefu ili kueleza vidole viwili vile vilifanya nini. Kijana anayetaka kujua kushika mapigo ni nini na aisikilize "Masanga" mara kumi kabla ya kufungua kompyuta yake.

Tusieleweke kwamba tunapinga kila chombo. Metronomu, ambayo Johann Maelzel aliipatia hataza mwaka 1815 kwa wazo alilolitwaa kwa Winkel wa Amsterdam (hata huko mambo ya haki za wabunifu hayakwenda barabara), ni mwalimu mzuri wa mazoezi. Yafaa itumike, lakini kwa akili. Kwanza imba wimbo bila ya gitaa, huku ukipiga makofi na kutembea chumbani, hadi maneno yakae bila ya kukimbizwa. Hapo ndipo uupime mwendo na kuuandika. Ukikuta ni mapigo 96 kwa dakika, kila pigo lachukua sehemu 625 katika elfu za sekunde. Usiongeze hadi 110 kwa kuwa wimbo wa jirani uko 110. Fanya mazoezi polepole kuliko mwendo huo, hasa mahali vidole vinapohama, maana hapo ndipo kila mwanafunzi hujikokota, na pale penye wepesi ndipo hukimbia. Kisha uipunguze kliki: badala ya kulia mara nne, ilie mara mbili, badala ya mara mbili, mara moja. Mwisho inyamaze kabisa kwa mafungu manane ya mapigo na kurudi tena. Ukikutana nayo inaporudi, mapigo yamo mwilini mwako.

Wengine hujitetea kwa kusema kwamba vyombo vyao huichelewesha sauti. Ni kweli, lakini tuipime kweli hiyo. Sauti husafiri kama meta 340 kwa sekunde. Ucheleweshaji wa sehemu kumi katika elfu za sekunde ni sawa na kusimama meta tatu na nusu hivi kutoka kwa mpiga ngoma, na babu zetu walicheza mbali zaidi ya hapo bila ya kulalamika. Lakini hedifoni zisizo na waya huweza kuchelewesha sehemu mia moja na zaidi, na katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika hiyo yakaribia robo ya pigo zima. Huo ni uharibifu wa kweli. Tumia zenye waya, uache sikio moja wazi uisikie sauti yako hewani, na mguu uupige juu ya mkeka au khanga iliyokunjwa ili maikrofoni isiudake.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili la kutenganisha gitaa na sauti. Bendi zetu ziliporekodi redioni zilipiga kwa pamoja, magitaa na waimbaji, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Adhabu hiyo ilikuwa shule. Kijana wa leo hurekodi gitaa leo na sauti kesho, kisha hushangaa haviendani. Kumbe gitaa lilipigwa na mtu asiyekuwa akisikia maneno. Ajifuataye mwenyewe kwa gitaa arekodi vyote viwili kwa wakati mmoja. Akilazimika kuvitenganisha, basi aanze na sauti ya kumwongoza, hata kama ataifuta baadaye, ili gitaa lijue mahali pa kuisubiri pumzi.

Mwalimu Nyerere, alipotangaza mwezi Desemba 1962 kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba tuliosoma tulizijua dansi za kigeni kuliko ngoma zetu. Vijana wa sasa waweza kujibu kwamba wao huimba Kiswahili, tena mambo ya kwao. Ni sawa. Lakini ikiwa maneno ni yetu na mwendo wake umekatwa kwa kipimo cha kiwanda kilicho mbali, kijana huyo hataweza hata kuimba na mwenzake chini ya mwembe umeme ukikatika. Tumewaona vijana wa namna hiyo, wenye nyimbo nzuri ndani ya simu, wakishindwa kumaliza ubeti mmoja mbele ya darasa.

Kwa hiyo twawaomba walimu, hata wale wasiofundisha muziki, maana shule nyingi hazina mwalimu wake: wanafunzi wakileta kazi zao kwa ajili ya mahafali au mashindano, msiulize kwanza zimerekodiwa kwa chombo gani. Takeni wimbo mmoja, gitaa na sauti pamoja, uliopigwa tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kukatwa. Aliyekimbia katika ubeti wa tatu aambiwe alikimbia wapi, apewe wiki moja, arudi. Aliyeleta ulionyooshwa arudishiwe, na gitaa apewe hapo hapo.